Acha Mfumo Uchague

Siku Tulia alipomfukuza mama mkwe wake kazi, alikuwa anatafuna karanga na kumsikiliza mteja mwingine kabisa kwenye simu. Hakujua kama amemfukuza mtu. Angejua, zile karanga zingempalia, angekimbizwa hospitali, na huenda mambo yangekuwa mepesi kidogo kwa kila mtu, maana mgonjwa hagombezwi. Lakini karanga zilishuka salama.

Jina la Tulia alilipata kazini. Kampuni yao iliuza programu ya simu kwa wenye maduka madogo: mafundi cherehani, vinyozi, wauza vipuri, watu wa namna hiyo. Mwenye duka alilipia kifurushi kila mwezi, kikubwa au kidogo, kulingana na wingi wa watu wake. Akitaka kupanda kutoka kidogo kwenda kikubwa, alibonyeza mwenyewe, mara moja, na pongezi akapewa. Akitaka kushuka, hapo ndipo alipoambiwa apige simu kwanza, na simu hizo zote ziliishia mezani kwa huyu bwana. Watu walipiga wakiwa wamewaka moto. Yeye alianza kila mara kwa neno lile lile, “Tulia, mteja wetu,” mpaka wenzake wakasahau wazazi wake walimwitaje.

Asubuhi hiyo mteja wa kushushwa alikuwa mke wake.

“Kile cha bure wamekifuta,” Tulia alikuwa amemwambia wakati wa chai. Kampuni ilizoea kuzipa familia za wafanyakazi kifurushi kikubwa bila malipo. Sasa ilikuwa imebadili mawazo, na ikawashukuru wafanyakazi kwa uelewa wao kabla hawajaelewa chochote.

“Basi shusha,” mkewe akasema. “Kikubwa cha nini? Duka lenyewe mtu mmoja akipiga chafya, mwingine inabidi atoke nje.”

“Kwenye kidogo wanaruhusu majina mawili tu. Sisi tuna matatu.”

“Wewe si ndiyo kazi yako hiyo? Utajua mwenyewe la kufanya.” Akachukua mkoba wake akaenda dukani, moyo wake mweupe kabisa.

Duka lilikuwa la ushonaji, na aliyelianzisha hakuwa mkewe. Alilianzisha mama mkwe, mjane aliyeishi nao katika chumba kinachotazama uani, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Pima. Mtu akiingia tu mlangoni, alikuwa ameshapimwa kwa macho. Futi ya kupimia ilikuja baadaye, kwa ajili ya heshima. Binti yake alishona. Jirani yao mmoja, Mama Vifungo, alipiga vifungo na kuandika vipimo kwenye programu, kwa kutumia simu ya mke wa Tulia, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi. Bibi Pima hakuigusa simu hiyo. Yeye alitamka tu, huku amekizungushia futi kiuno cha mteja: “Bega andika, mkono andika, kiuno andika ukweli, yeye mwenyewe mwambie uongo.”

Basi majina kwenye programu yalikuwa matatu: la mkewe, aliyeandikwa kama mwenye duka kwa kuwa ndiye aliyejisajili; la Bibi Pima; na la Tulia. La Tulia lilitafuta nini pale? Hakuna ajuaye. Hakuwahi kushona hata kishikizo. Ila kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, alifungua programu akatazama duka linaendaje, akajisikia mwanamume mwenye shughuli zake. Hakuna madhara, mtu ana haki ya kujisikia.

Sasa, hapo mezani kwake kazini, skrini ikamwambia: *Chagua jina la kuondoa.* Mwenye duka hawezi kuondolewa. Yakabaki mawili, la mama mkwe na lake. Mtoto mdogo angejua la kufanya, lakini Tulia alikuwa mtu mzima mwenye elimu, kwa hiyo alianza kufikiri. Kujitoa hakutaka. Kumtoa mama mkwe alijua ni kutafuta balaa. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na kitufe alichowapendekezea wateja kila siku, akiwaambia kwamba hakigombani na mtu: *Acha mfumo uchague.* Mfumo haukuwa na mama mkwe. Akabonyeza, akachukua karanga nyingine, akarudi kwa yule mteja aliyekuwa bado anamfokea.

Mfumo ulitazama nani anafungua programu na nani hafungui. Ukamkuta Tulia, anayeingia kila asubuhi na kuchungulia. Ukamkuta Bibi Pima, ambaye tangu aandikwe hajagusa kitu. Haukusita.

*

Ujumbe ulifika kwenye simu ndogo ya Bibi Pima saa ambayo duka lilikuwa limejaa. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameleta vitambaa vya wasimamizi wote wa kike, rangi ya bluu, harusi ikiwa Jumamosi, na alikuja na ndugu zake kadhaa ili asije akapunjwa. Bibi Pima alikuwa amekwisha kutandaza kitambaa mezani na kushika mkasi.

“Nisomee hiyo,” akamwambia Mama Vifungo, bila kuinua macho.

Mama Vifungo ni mtu mwema, lakini kusoma kimoyomoyo hakuwahi kufundishwa. Akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba: “Ndugu mtumiaji. Kwa kuwa kwa muda mrefu hujafanya kazi yoyote katika duka hili, nafasi yako imefungwa. Tunakutakia kila la heri huko uendako.”

Cherehani ya mke wa Tulia ikasimama. Shangazi wa bibi harusi akawatazama ndugu zake, nao wakatazama dari, ambayo haikuwa na kitu.

“Soma tena,” Bibi Pima akasema.

Akasomewa tena. Safari hii Mama Vifungo alijaribu kunong'ona, na mnong'ono wake ukafika mpaka kwa muuza vipuri mlango wa pili.

“Waliobaki ni akina nani?”

Mama Vifungo akachungulia kwenye ile simu nyingine. Angeweza kusema hajui. “Wamebaki wawili,” akasema. “Binti yako na mumewe.”

Bibi Pima aliweka mkasi chini. Akaikunja futi yake, akaitia mfukoni, akajifunga kanga vizuri. Kwa shangazi wa bibi harusi alisema samahani. Kwa binti yake hakusema neno. Akatoka, akatembea barabara nzima hadi nyumbani katikati ya mchana, saa ambayo watu wote walikuwa nje wakimwona.

*

Tulia aliporudi jioni alimkuta mama mkwe ameketi uani, mgongo ameupa mlango. Alikuwa ameshapigiwa simu na mkewe na kusomewa mashtaka yote, kwa hiyo alikuja na maelezo yake tayari, yamepangika, kama anavyowapangia wateja.

“Shikamoo, mama.”

Shikamoo hainyimwi. “Marahaba,” akajibu, akiutazama ukuta. Kisha akamwita binti yake. “Mwambie mwenye duka chakula chake kiko mezani.”

Mkewe alikuwa amesimama pale pale kati yao. “Anasema chakula kiko mezani.”

“Mama, lile jambo la mchana siyo mimi. Ni mfumo. Mfumo ndio unaochagua.”

“Mwambie amlete huyo Mfumo,” Bibi Pima akasema. “Nitamwekea kiti hapa, tuzungumze.”

“Siyo mtu, mama. Ni mashine.”

“Muulize mashine ilikuja dukani lini kutazama kama nafanya kazi.”

Mkewe akageuka kumuuliza, akaona upuuzi wa kazi aliyopewa, akaingia ndani. Tulia akamfuata jikoni. Alitarajia kuonewa huruma kidogo.

“Niliposema utajua mwenyewe la kufanya,” mkewe akasema, “nilidhani unajua.”

“Nitalirekebisha. Ni dakika chache.”

“Mimi nashona, sikati. Nikikata mimi, mabinti wa watu wataingia ukumbini bega moja likiwa juu na jingine chini. Yule shangazi ameniambia kesho kutwa akikuta kitambaa hakijakatwa anakichukua anapeleka kwingine. Na akikipeleka kwingine atasema kwa nini. Unajua atasemaje? Atasema wale wamemtimua mama yao.”

“Hatujamtimua.”

“Basi nenda kawaambie mtaa mzima, mlango kwa mlango.” Akafunika sufuria kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. “Ananitazama mimi kama mwizi. Mama yangu mzazi.” Na hapo akajifanya anatafuta chumvi. Tulia aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Alitaka kumwambia “tulia,” bahati nzuri hakusema.

*

Kesho yake alifika kazini mapema akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Alifuta jina lake. Nafasi ikawa wazi. Akamwandika tena Bibi Pima, akabonyeza *Alika*, akajipongeza, akanywa chai kwa raha.

Alichosahau, yeye aliyekuwa akiwaeleza wateja jambo hilo kila wiki, ni kwamba mtu aliyeondolewa baada ya kushusha kifurushi hahesabiwi kuwa anarudi. Anahesabiwa mgeni. Mchana Mama Vifungo alikwenda kumjulia hali Bibi Pima, na simu ikalia akiwa hapo hapo, naye akaisoma kwa moyo wake wote:

“Hongera! Umealikwa kufanya majaribio katika duka la ushonaji. Ukionyesha bidii, mwenye duka anaweza kukufikiria kwa nafasi ya kudumu.”

Inasemekana Bibi Pima alicheka. Mama Vifungo anasema kicheko kile hakikuwa kizuri, na kwamba baada yake aliingia chumbani na kuanza kutia nguo kwenye begi, akitaja habari za mdogo wake anayeishi mbali. Mke wa Tulia akampigia mumewe.

“Anahama,” akasema. “Umefanya nini tena?”

Tulia alikwenda kwa msimamizi wake, mwanamke mrefu aliyevaa miwani kichwani siku zote na kuitafuta mezani. Akamweleza. Msimamizi alisikiliza hadi mwisho bila kucheka, jambo lililomgharimu.

“Hali ya mgeni haifutiki,” akasema. “Labda mwenye duka amkabidhi duka lenyewe. Akiwa mwenye duka, hana majaribio wala hana nini.”

“Mke wangu atakubali sasa hivi. Tukabidhi.”

“Unajua utaratibu. Anayekabidhiwa anapigiwa simu, anaulizwa malalamiko yake, anaridhia mwenyewe kwa mdomo wake, na inarekodiwa. Na hiyo ni meza yako.”

“Mpigie wewe, tafadhali. Yule ni mama mkwe wangu.”

Msimamizi alivuta karatasi ya mwongozo, akaipitia juu hadi chini. “Sijaona mahali pa mama mkwe,” akasema, akavaa visikilizio ili asikilize.

*

Katika miaka yote ya ndoa yake Tulia hakuwahi kumpigia mama mkwe simu moja kwa moja. Salamu zilipita kwa mkewe, shida zilipita kwa mkewe, hata pole ya mafua ilipita kwa mkewe. Akapiga.

“Nani mwenzangu?”

“Habari za mchana. Unaongea na huduma kwa wateja. Mazungumzo haya yanarekodiwa ili kuboresha huduma zetu.”

“Sauti hii naijua.”

“Ndiyo, mama. Ndiyo, mteja wetu.”

“Chagua moja.”

Akatazama mwongozo, haukumsaidia. “Mama,” akasema.

“Umesema yanarekodiwa. Nani atasikiliza?”

“Msimamizi wangu. Anasikiliza hata sasa.”

“Ni mtu mzima?”

“Ni mtu mzima.”

“Afadhali. Nilikuwa sina wa kumwambia haya, maana wewe ni mkwe wangu, na mtu hatupiani maneno na mkwe. Lakini kama ni huduma kwa wateja, kaa usikilize.”

Tulia alisoma sentensi iliyofuata, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yake: “Tafadhali eleza malalamiko yako.”

Naye akaeleza. Alieleza bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Alisema kwamba kila kipimo kilichomo katika ile programu kimetoka mdomoni mwake. Alisema magoti yake yameisha kwa kupiga magoti mbele ya pindo za watu. Alisema binti yake alisomeshwa na lile duka, na kwamba siku Tulia alipokuja kuposa, suruali aliyovaa ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na yeye aliiona tangu mlangoni akanyamaza, kwa sababu mtu hadhalilishwi mbele ya watu. “Sikukudhalilisha mbele ya watu,” akarudia. “Mimi umeniandikia nikasomewa mbele ya wateja wangu kwamba sifanyi kazi.”

Kidole cha Tulia kilikuwa kimefika mahali paliposema: *Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.*

“Tunasikitika,” akaanza.

“Wewe na nani?”

Akaisukuma karatasi kando. Msimamizi aliona, akakaa wima.

“Mimi peke yangu, mama. Ilinibidi nichague kati yangu na wewe. Nilijua kabisa anayestahili kutoka ni mimi, mimi sina kazi yoyote pale. Sikutaka kujitoa. Na kukutoa wewe niliogopa. Nikaiachia mashine ili baadaye niseme siyo mimi. Ni mimi. Nisamehe.”

Upande wa pili zipu ya begi ikasikika, bila kujulikana kama inafungwa au inafunguliwa.

“Sasa unataka nini?” akauliza Bibi Pima.

“Mke wangu anakurudishia duka. Uwe wewe ndiye mwenye duka kwenye programu. Unakubali?”

“Lilikuwa la nani?”

“Nahitaji useme ndiyo au hapana, mama. Inarekodiwa.”

“Ndiyo.”

Akabonyeza. “Imebaki nafasi moja. Unaweza kumweka mtu mmoja, au unaweza,” na hapo mazoea yakamponza, “kuacha mfumo uchague.”

“Huo mfumo unanijua mimi?”

“Hapana, mama.”

“Basi ukae kando. Weka Mama Vifungo. Ndiye anayeandika.”

“Na mke wangu?”

“Kazi yake kushona. Akitaka kujua jambo ataniuliza, tunalala nyumba moja. Nitamwambia mwenyewe leo jioni, atanuna, kesho atakuwa amesahau. Na wewe ulishatoka?”

“Nimetoka.”

“Vizuri. Usirudi.” Alilisema kwa upole, bila chuki, kama anayemwambia mtu asikanyage sakafu ambayo haijakauka. Uchaguzi uliomshinda Tulia mpaka akaiachia mashine, yeye aliumaliza kabla Tulia hajapata kalamu.

Tulia akasoma swali la mwisho. “Je, kuna jambo jingine tunaloweza kukusaidia?”

“Lipo. Hiyo radhi yako nimeisikia mimi, na huyo msimamizi wako ameisikia. Waliokuwa dukani hawakuisikia.” Akakata simu.

Tulia akavua visikilizio. Msimamizi wake alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya blauzi, ingawa ilikuwa safi.

“Umetoka nje ya mwongozo,” akasema.

“Najua.”

“Kesho asubuhi ingia kwa kuchelewa. Na ukimwona, mwambie nina gauni linanibana kwapani, na mafundi wawili wameshindwa.”

*

Asubuhi iliyofuata Bibi Pima aliondoka nyumbani kabla ya wote. Tulia alipofika dukani alimkuta ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, kitambaa cha bluu kikiwa mezani bila kuguswa. Shangazi wa bibi harusi naye alikuwa amefika, na ndugu zake wale wale, na mfuko mkubwa wa kubebea kitambaa chake akipeleke kwingine. Mkewe alikuwa amesimama karibu na cherehani, anaomba subira kwa macho. Mama Vifungo alikuwa kimya, jambo lililomtisha kila mtu.

Duka lilikuwa dogo. Hapakuwa na mahali pa kusimama isipokuwa katikati.

“Shikamoo, mama. Habari zenu nyote.” Wakaitikia. Hakujua aiweke wapi mikono yake, akaishika pamoja kama mwanafunzi. Wateja wa simu huwaoni nyuso. Hapa nyuso zilikuwa karibu, na zilikuwa na hamu.

“Juzi mama alisomewa ujumbe hapa kwamba hafanyi kazi,” akasema. “Ule ujumbe ulitoka mikononi mwangu. Niliyekuwa sifanyi kazi hapa ni mimi, na nilikuwa nimejiandika. Mama hakufukuzwa na mtu. Duka ni lake. Nimemkosea mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu.”

Mtu akakohoa. Muuza vipuri wa mlango wa pili, ambaye alikuwa amekuja kuazima sindano akiwa ana sindano zake, akatikisa kichwa polepole. Shangazi wa bibi harusi akamtazama Tulia kuanzia viatu.

“Kumbe ni wewe,” akasema. “Mimi nilikuwa nimemlaumu binti wa watu njia nzima.”

Mke wa Tulia akainama juu ya cherehani, akafuta macho haraka kwa kipande cha bitana.

Bibi Pima hakusema amesamehe. Alinyanyuka, magoti yakalia, akatoa futi mfukoni akaivaa shingoni. Akashika mkasi. Akaupapasa mfuko wa shangazi, akauvuta kutoka mkononi mwake taratibu, akautupa chini ya meza. Kisha akamtazama mkwe wake, mara ya kwanza tangu juzi.

“Si umechelewa kazini?”

“Wameniruhusu, mama.”

“Basi usisimame bure. Shika huku. Nyoosha, usivute.”

Tulia akashika ncha ya kitambaa kwa mikono miwili, na mkasi ukaanza kuja upande wake.